Marjorie Guthrie: Mcheza dansi aliyelibana Bunge la Marekani kwa ajili ya wagonjwa waliofichwa

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 3, 1967, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Creedmoor, eneo la Queens jijini New York, alifariki dunia Woody Guthrie, mtunzi na mwimbaji aliyeimba habari za wakulima waliofilisika, vibarua wasio na makazi na wafanyakazi waliodhulumiwa. Alikuwa na umri wa miaka 55. Kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo hakuweza kupiga gitaa wala kushika kalamu, na mwishoni hakuweza hata kusema. Aliyetaka kujua kama amesikia alilazimika kutazama macho yake yakipepesa.

Magazeti ya Marekani yaliandika kwa kirefu habari za mwimbaji huyo. Habari za ugonjwa uliomuua zilikuwa chache, kwa sababu watu walioujua walikuwa wachache, na waliokuwa nao majumbani mwao hawakutaka majirani wafahamu.

Mwanamke aliyekuwa akimtembelea, kumlisha na kumletea watoto wake katika hospitali moja baada ya nyingine aliitwa Marjorie. Kisheria hakuwa mjane wa marehemu, kwani walikwisha kupeana talaka mwaka 1953. Hata hivyo, ni yeye aliyetoka katika msiba ule akiwa na kazi mpya ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Kazi hiyo ilimfikisha mbele ya kamati za Bunge la Marekani, kisha ikamkalisha katika kiti cha mwenyekiti wa tume ya taifa, yeye ambaye elimu yake yote ilikuwa ya kucheza na kufundisha dansi.

Marjorie alizaliwa Oktoba 6, 1917 mjini Atlantic City, jimbo la New Jersey, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na asili yake Ulaya ya Mashariki. Mama yake, Aliza Greenblatt, alikuwa mshairi aliyetunga kwa lugha ya Kiyidi. Binti huyo alikwenda New York akiwa bado kijana, akajiunga na kundi la Martha Graham, mwalimu aliyebadili kabisa sanaa ya dansi nchini humo katika karne ya 20. Alianza kama mwanafunzi, akawa mchezaji, kisha msaidizi na mwalimu. Nidhamu ya kundi lile ilikuwa kali, na waliomfahamu baadaye katika kazi ya kutetea wagonjwa waliiona nidhamu hiyo hiyo katika namna alivyopanga safari, barua na mikutano yake.

Alikutana na Woody mwaka 1942. Mtunzi wa dansi Sophie Maslow alikuwa akiandaa onyesho lililotumia nyimbo za asili za Wamarekani, na Woody aliletwa aimbe jukwaani. Tatizo lilikuwa kwamba mwimbaji huyo hakuimba wimbo mmoja kwa namna ile ile mara mbili. Leo alivuta neno, kesho alilikata, na wachezaji wakawa wanagongana. Marjorie ndiye aliyeketi naye akamwandikia hesabu ya mapigo, ubeti kwa ubeti, mpaka onyesho likasimama.

Walifunga ndoa mwaka 1945 na kukaa katika nyumba ndogo ya kupanga barabara ya Mermaid, Coney Island, karibu na bahari. Februari 1947 binti yao wa kwanza, Cathy Ann, aliyekuwa ametimiza miaka minne siku chache tu kabla, aliungua kwa moto uliozuka nyumbani na akafariki dunia. Baadaye walizaliwa Arlo, Joady na Nora, wa mwisho akiwa wa mwaka 1950.

Ni katika miaka hiyo mwenendo wa Woody ulipoanza kuharibika. Alikasirika bila sababu, akaondoka nyumbani bila kuaga, akapepesuka akitembea na kumumunya maneno akizungumza. Wengi walisema ni pombe, na kwa kuwa kweli alikuwa akinywa, maelezo hayo yalitosheleza. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena. Mwaka 1952, katika hospitali ya serikali ya Brooklyn, ndipo jina lilipopatikana: ugonjwa wa Huntington. Mama mzazi wa Woody, Nora Belle, aliyefungiwa katika hospitali ya wendawazimu mjini Norman, Oklahoma, mwaka 1927 na kufia humo miaka michache baadaye, alikuwa na ugonjwa huo huo. Huko kwao watu walidhani amerukwa na akili tu.

Ugonjwa huo ulipewa jina la daktari George Huntington, ambaye mwaka 1872, akiwa kijana wa miaka 22, alichapisha maelezo yake kwa ufasaha kupita wote waliomtangulia. Aliwaona wagonjwa tangu utotoni huko East Hampton, jimbo la New York, akifuatana na baba yake aliyekuwa daktari kama babu yake, hivyo alikuwa na kumbukumbu za vizazi vitatu vya waganga juu ya koo zile zile. Alionyesha kwamba ugonjwa hurithiwa kutoka kwa mzazi, na kwamba mtoto aliyenusurika hawezi kuupitisha kwa wajukuu.

Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi sawa ya kuurithi au kuukwepa, nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya umri wa miaka 30 na 50, yaani wakati mhusika amekwisha oa au kuolewa na kupata watoto wake. Viungo huanza kurukaruka vyenyewe, akili hupungua, hasira na huzuni humtawala mgonjwa, na kifo hufika kwa kawaida baada ya miaka 15 hadi 20. Madaktari wa zamani waliita kurukaruka kule kwa neno la Kigiriki lenye maana ya dansi.

Baada ya talaka, Woody alikwenda California, akaoa mke mwingine na kupata mtoto naye, lakini ndoa hiyo haikudumu. Alirudi New York na kujilaza mwenyewe hospitalini mwaka 1954. Mwaka 1956 alikamatwa na polisi akizurura jimboni New Jersey na kupelekwa katika hospitali kubwa ya Greystone Park, alikokaa miaka mitano. Kisha akahamishiwa Brooklyn, na mwisho Creedmoor.

Kwa miaka yote hiyo, Marjorie, aliyekwisha kuolewa na mtu mwingine na aliyekuwa akiendesha shule yake ya dansi huko Brooklyn ili kulea watoto, aliendelea kushughulika na mtu ambaye hakuwa tena mume wake. Aliwachukua watoto kwenda kumwona baba yao. Alipokuwa akihudumiwa Brooklyn, alimleta nyumbani mwishoni mwa wiki pale hali iliporuhusu, akamwogesha, akampa chakula alichokipenda. Marafiki wa mwimbaji, miongoni mwao Pete Seeger, walikuwa wameanzisha mfuko wa kusaidia watoto mwaka 1956, na mapato ya nyimbo yakawekwa humo.

Wodini Marjorie aliona jambo ambalo halikuwa katika vitabu. Wauguzi hawakuujua ugonjwa. Madaktari wengi walikuwa hawajapata kumwona mgonjwa mwingine wa aina hiyo, au walikuwa wamemwona na kumwandika kuwa mlevi au kichaa. Wagonjwa waliokuwa wakihitaji chakula kingi, kwa kuwa mwili usiotulia hutumia nguvu nyingi, walikonda kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kuwalisha polepole. Alipouliza ni utafiti gani unaofanyika, jibu lilikuwa karibu hakuna. Mmoja kati ya wachache waliokuwa wakiufuatilia ni Dk. John Whittier, aliyekuwa na kitengo cha utafiti Creedmoor kwenyewe, na ndiye aliyemfungulia mlango wa ulimwengu huo wa kitabibu.

Mwaka huo huo wa 1967 Marjorie alianzisha Kamati ya Kupambana na Ugonjwa wa Huntington, akiwa na familia chache mno. Alikuwa na umri wa miaka 50 na watoto watatu ambao kila mmoja wao alikuwa katika hatari ya nusu kwa nusu. Kipimo cha kumwambia yupi amerithi na yupi hakurithi hakikuwapo. Alichokuwa akikitafuta kwa ajili ya watu wasiojulikana alikitafuta pia kwa Arlo, Joady na Nora, na haifai kulisahau hilo pale anaposifiwa kwa ushupavu wake.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa aibu, kabla hata ya fedha kuzungumzwa. Familia nyingi ziliwaficha wagonjwa katika vyumba vya nyuma. Wachumba hawakuambiwa. Watoto waliambiwa bibi alikufa kwa homa au kwa pombe. Na Marekani haikuwa imewatendea wema watu hao. Mwaka 1916 Charles Davenport, mmoja wa vinara wa nadharia ya kusafisha kizazi, alichapisha uchunguzi wa koo zenye ugonjwa huu na kuunga mkono hatua za kuwazuia wasizae na kuwazuia wahamiaji wenye damu hiyo wasiingie nchini. Mwaka 1932 daktari mwingine, Percy Vessie, aliandika kwamba baadhi ya wanawake walioshitakiwa kwa uchawi katika makoloni ya karne ya 17 walikuwa wagonjwa wa ukoo huo. Wanahistoria walikuja kuonyesha kwamba ushahidi wake ulikuwa na kasoro kubwa, lakini hadithi ilikuwa imekwisha kuenea. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayejua jinsi ugonjwa wa kurithi unavyoweza kugeuzwa laana ya ukoo, hatashangaa kwamba watu walichagua kunyamaza.

Marjorie alifanya kinyume. Alilitaja jina la ugonjwa hadharani na kulifungamanisha na jina ambalo kila Mmarekani alilifahamu. Kama Woody Guthrie, mtu wa nyimbo za taifa, aliugua ugonjwa huo, basi fundi wa Ohio na mkulima wa Minnesota hawakuwa na sababu ya kuona haya. Alikwenda kwenye vyuo vya udaktari kuzungumza na wanafunzi, akakaa katika vipindi vya redio na televisheni, akajibu barua kwa mkono. Kila mji aliofika aliacha kikundi kidogo cha familia zilizokubali kuandikisha majina yao. Alisafiri pia nje ya nchi, na kazi yake ilichochea kuundwa kwa vyama vya aina hiyo katika mataifa mengine.

Muziki ulisaidia. Onyesho la kumuenzi Woody lililofanyika Hollywood Bowl, Los Angeles, mwaka 1970, lilichangia fedha tawi la kamati hiyo la California. Tawi hilo lilikuwa la Milton Wexler, mtaalamu wa tiba ya akili ambaye mkewe, Leonore, aligundulika kuwa na ugonjwa huo mwaka 1968. Wexler alimtafuta Marjorie, wakashirikiana. Walikuwa na tabia tofauti kabisa. Wexler alipenda kukusanya wanasayansi vijana katika vyumba vidogo na kuwaacha wabishane, na baadaye alijitenga na kuanzisha taasisi yake ya utafiti wa magonjwa ya kurithi. Marjorie aliamini katika wingi wa watu, katika matawi, katika barua za wapiga kura. Historia imeonyesha kwamba njia zote mbili zilihitajika, ingawa wakati huo haikuwa rahisi kwao kuona hivyo.

Lakini michango ya maonyesho haiwezi kuendesha maabara kwa miaka 20. Fedha za kutosha zilikuwa katika bajeti ya Serikali Kuu, katika Taasisi za Taifa za Afya, na funguo zake zilishikwa na wabunge. Hivyo Marjorie akaelekea Washington.

Hoja iliyomkabili huko ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuijibu: wagonjwa ni wachache. Hata leo, katika watu wenye asili ya Ulaya, ugonjwa huu huwapata takribani watu 10 katika kila 100,000. Mbunge mwenye maelfu ya wapiga kura wenye saratani na ugonjwa wa moyo angetetea vipi fungu kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine hajapata kuuona?

Jibu la Marjorie lilikuwa na sehemu mbili, na zote zilikuwa za busara. Ya kwanza ni kwamba wagonjwa walionekana wachache kwa sababu walikuwa wamefichwa au wameandikwa jina la ugonjwa mwingine, na nyuma ya kila mgonjwa mmoja kulikuwa na watoto kadhaa wasiojua hatima yao. Ya pili ilikuwa ya mbali zaidi. Hakuomba fungu la Huntington peke yake. Aliomba fedha kwa ajili ya utafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu kwa jumla, akisimama pamoja na watetezi wa wagonjwa wengine, akieleza kwamba ugonjwa unaosababishwa na kosa moja tu la urithi ndio dirisha bora la kuchungulia namna seli za ubongo zinavyokufa. Yaani aligeuza uchache wa wagonjwa kutoka udhaifu kuwa sababu.

Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria kubwa ya huduma za afya ambayo, pamoja na mambo mengine mengi, iliagiza kuundwa kwa tume mbili, moja ya kifafa na nyingine ya Huntington. Rais Gerald Ford aliipinga kwa kura ya turufu akisema inaidhinisha matumizi makubwa kupita kiasi. Julai 1975 mabaraza yote mawili, Seneti na Wawakilishi, yalipiga kura tena na kupata zaidi ya theluthi mbili inayotakiwa, na sheria ikasimama bila sahihi ya rais. Ni kweli kwamba wabunge wengi walikuwa wakitetea zahanati na mafunzo ya wauguzi yaliyokuwa ndani ya sheria hiyo, wala si ugonjwa mmoja usiojulikana. Lakini kifungu cha tume kilikuwamo, na hakikuingia humo kwa bahati.

Mwenyekiti wa tume alikuwa Marjorie Guthrie. Mtendaji wake mkuu alikuwa Nancy Wexler, binti wa Milton na Leonore, mwanasaikolojia aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi na ambaye mwenyewe alikuwa katika hatari ya nusu kwa nusu. Kuanzia mwaka 1976 walizunguka nchi wakisikiliza ushahidi. Watu waliokuwa hawajapata kuutaja ugonjwa huo mbele ya mtu yeyote walisimama katika kumbi za hadhara na kueleza: mume aliyefukuzwa kazi kwa madai ya ulevi, binti aliyeacha shule ili kumlisha mama, nyumba za wazee zilizokataa kupokea wagonjwa, kampuni za bima zilizofunga milango. Mara nyingine wagonjwa wenyewe walifika, wakiwa hawawezi kutulia kitini.

Wakati tume ikiendelea, ugonjwa haukumwacha Marjorie apumzike nyumbani. Woody alikuwa na watoto watatu kwa mke wake wa kwanza. Mabinti wawili kati ya hao, Gwendolyn na Sue, waliurithi. Gwendolyn alifariki mwaka 1976 na Sue mwaka 1978, kila mmoja akiwa na miaka 41. Walikuwa dada wa baba mmoja wa watoto wake.

Ripoti ilikabidhiwa kwa Bunge mwaka 1977, ikiwa ya vitabu kadhaa. Ilitaka Serikali igharimie vituo vya utafiti vitakavyounganisha wanasayansi wa taasisi mbalimbali, benki za kuhifadhi ubongo wa marehemu, huduma kwa familia, na uchunguzi wa jamii moja ya wavuvi kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela. Daktari wa huko, Américo Negrette, alikuwa ameandika miaka ya 1950 kwamba vijiji vyao vilikuwa na wagonjwa wengi mno, na mwaka 1972, katika mkutano wa Ohio wa kuadhimisha miaka 100 ya maandishi ya George Huntington, daktari mwingine kutoka Venezuela aliwaonyesha wenzake filamu ya wagonjwa hao. Ukoo mmoja mkubwa namna hiyo ulikuwa kama daftari la urithi lililo wazi kwa anayejua kulisoma.

Ripoti nyingi za tume huishia makabatini. Hii haikuishia huko, kwani Marjorie aliendelea kugonga milango ya ofisi za wabunge akiuliza ni pendekezo lipi limetekelezwa na lipi bado. Mwaka 1980 Serikali iligharimia vituo viwili vya Huntington, kimoja Boston na kingine Baltimore katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Safari ya majaribio kwenda Venezuela ilifanyika mwaka 1979, na mwaka 1981 timu ya Nancy Wexler ikaanza kazi kamili ya kuchora nasaba na kukusanya damu, ambayo ilisafirishwa haraka kwa ndege hadi Boston. Huko kijana aitwaye James Gusella alikuwa akijaribu jambo ambalo wanasayansi wakubwa walilidharau: kutafuta alama katika vinasaba ambayo hurithiwa pamoja na ugonjwa, ili kujua jeni lenye kosa liko wapi. Wengi walikadiria kwamba kazi hiyo ingechukua miongo kadhaa.

Marjorie hakuona mwisho wake. Aliugua saratani, na Machi 13, 1983 alifariki dunia jijini New York akiwa na umri wa miaka 65. Miezi minane baadaye, Novemba 1983, Gusella na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba alama imepatikana, katika kromosomu namba 4. Ilikuwa miongoni mwa alama za kwanza kabisa walizozijaribu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa njia hiyo kuonyesha mahali lilipo jeni la ugonjwa ambalo hakuna aliyejua chochote juu yake, na watafiti wa magonjwa mengine ya kurithi wakaifuata njia hiyo hiyo, kama alivyokuwa akiwaeleza wabunge kwamba itakuwa.

Jeni lenyewe lilipatikana Machi 1993, baada ya miaka 10 ya kazi ya vikundi vilivyoshirikiana vya Marekani na Uingereza. Kosa lililogunduliwa ni dogo kulieleza: herufi tatu za kikemia zinazojirudia mara nyingi kupita kiasi. Mtu mwenye marudio 40 au zaidi ataugua akijaaliwa umri wa kutosha. Tangu hapo mtu anaweza kupimwa damu na kujua, ingawa wengi wenye hatari hiyo wamechagua kutopima, kwa kuwa kinachofuata baada ya jibu baya hakijapatikana. Zipo dawa za kupunguza kurukaruka kwa viungo, ya kwanza ikiidhinishwa Marekani mwaka 2008, lakini hakuna ya kuponya. Mwaka 2021 jaribio kubwa la dawa iliyotegemewa sana lilisitishwa. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya awali ya tiba ya jeni inayopelekwa moja kwa moja ndani ya ubongo, yakionyesha kwamba katika wagonjwa wachache ugonjwa ulipunguza kasi.

Afrika nayo imo katika habari hii. Mwaka 2001 wanasayansi walieleza ugonjwa ndugu wa Huntington, wenye dalili zinazofanana nao mno lakini unaotokana na jeni jingine, na wagonjwa wake karibu wote waliogunduliwa ni watu wenye asili ya Afrika. Mtu anayepimwa Huntington na kuambiwa hana, ilhali anaonyesha dalili zote, huenda ni wa kundi hilo. Kwa bara ambalo madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache mno na maabara za vinasaba ni chache zaidi, wangapi wako katika vyumba vya nyuma ni swali ambalo halijapata mwenye kulihesabu.

Kamati aliyoianzisha Marjorie iliungana na vyama vingine katika miaka ya 1980 na sasa inaitwa Chama cha Ugonjwa wa Huntington cha Marekani, chenye makao yake New York na matawi nchi nzima. Wajumbe wake bado hupanda ngazi za majengo ya Bunge kila mwaka kuomba fedha za utafiti. Nancy Wexler, aliyekuwa mtendaji wake katika tume ile, aliendelea kwenda Venezuela kwa zaidi ya miaka 20, na nasaba aliyoichora ilifikia zaidi ya watu 18,000. Mwaka 2020, akiwa na miaka 74, alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe anao ugonjwa huo.